Kuvu wa mizizi kwa miche ya nyikani: ununue pakiti, uchote chini ya mgunga, uzalishe mwenyewe au uviachie visiki?

Ukiingia duka la pembejeo ukataja neno fangasi, muuzaji hunyoosha mkono moja kwa moja kwenye rafu ya viuatilifu. Tumezoea hivyo. Fangasi ni kutu ya maharage, ni bakajani ya nyanya, ni sumukuvu ya mahindi. Kwa hiyo siku muuzaji mmoja aliponiambia, "Mzee, hawa ni fangasi wa kupanda pamoja na mche," nilidhani ananitania. Akanipa pakiti ya unga wa kijivu. Nililipa, nikaipeleka kitaluni kwangu, huku tambarare ya Same, ambako mvua ya masika ikichelewa wiki mbili kila mtu huanza kuhesabu magunia yaliyobaki.

Tangu hapo nimepita njia nne za kuipatia miche kuvu wa mizizi, na wanaoanzisha vitalu huniuliza ipi ni bora. Wengi hutaka tuanzie kwenye bei. Mimi huanza kwa kuuliza udongo wa kule mche unakokwenda uko katika hali gani, maana jibu la swali hilo huondoa njia mbili kati ya nne kabla hatujafungua pochi.

Wanachofanya chini ya ardhi

Wataalamu huwaita mikoriza, jina alilolitunga Mjerumani Albert Bernhard Frank mwaka 1885 kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la kuvu na la mzizi. Kazi yao kubwa ni fosforasi. Udongo wa nyika waweza kuwa nayo, lakini fosforasi haitembei: mzizi hufyonza iliyo umbali wa milimita moja au mbili, kisha hubaki umezungukwa na udongo mtupu. Nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi wenyewe, huvuka eneo hilo na kusonga sentimita kadhaa mbele, zikijipenyeza kwenye vitundu ambamo mzizi hauingii. Hurudi na fosforasi, zinki, shaba, na maji kidogo.

Mti hulipa kwa sukari na mafuta. Makadirio ya kawaida ni asilimia 4 hadi 20 ya chakula chote kilichotengenezwa na majani. Kwa mche wenye majani sita hiyo si bei ndogo, ndiyo maana kwenye udongo ulioshiba mbolea mti huacha kuwalisha. Hilo tutalirudia, kwa sababu ndilo lililowaharibia kazi wengi niwajuao.

Biashara hii ni ya kale. Kwenye mawe ya Rhynie, Uskoti, yenye umri wa miaka milioni 400 na ushee, kuna mabaki ya mimea yenye kuvu wa namna hii ndani yake. Zile habari za miti kupigiana simu chini ya ardhi ziweke kando kwanza: mwaka 2023 watafiti watatu, Justine Karst, Melanie Jones na Jason Hoeksema, waliupitia ushahidi wakakuta madai mengi yamekimbia mbele ya majaribio. Kwa mtu wa kitalu, fosforasi inatosha.

Kabla ya yote, mti wako unataka kuvu gani?

Miti ya nyika yetu karibu yote iko kundi moja: migunga, kikwata, mbambara, mkunazi, mbuyu, na ule mukau unaopendwa sana Kitui na Makueni kwa mbao zake. Ongeza mwarobaini, mahindi, mtama na mkonge. Kuvu wao huingia ndani ya chembe za mzizi na kujitanda humo kama matawi ya mti mdogo. Kwa macho huoni kitu, na juu ya ardhi hawatoi uyoga.

Kundi la pili ni la miombo: myombo, mtundu, mkusu. Hapo kuvu huivika ncha ya mzizi kama soksi, unaweza kuiona kwa macho, imevimba na kuwa butu, na mvua zikianza hutoa uyoga. Uyoga unaouzwa kandokando ya barabara za Tabora, sehemu kubwa ni matunda ya ushirika huo. Msonobari nao uko huku. Katika nchi kadhaa za Afrika miche ya msonobari ilidumaa na kuwa njano hadi ulipoletwa udongo wa chini ya misonobari mikubwa. Ukimwekea msonobari kuvu wa mgunga, umetupa hela.

Na kuna wasiotaka mgeni kabisa: kabichi, sukuma wiki, mchicha. Bustani yako ikiwa ya mboga hizo tupu, funga ukurasa huu ukamwagilie.

Hata ndani ya kundi moja hamu hazilingani. Majaribio ya Burkina Faso ya miaka ya 1990, kwenye mchanga maskini wa fosforasi, yalionyesha mkunazi ukinufaika na kuvu kupita mkwaju kwa mbali. Ukitaka kujaribu jambo hili kwa mara ya kwanza, anza na mkunazi. Utaona tofauti mapema.

Njia nne, ubavu kwa ubavu

| Njia | Inakufaa lini | Itakuponza wapi |
|---|---|---|
| Pakiti ya dukani | Udongo uliochemshwa, kifusi, machimbo | Spora (mbegu za kuvu) zilizokufa, kuvu wa ugenini |
| Udongo wa chini ya mti wa asili | Kitalu kidogo, mti mama uko karibu | Minyoo fundo, kinyausi, mbegu za magugu |
| Kuzalisha mwenyewe | Mamia ya miche, na una miezi minne | Haraka, na mkono mzito wa mbolea |
| Kisiki hai na ngitili (malisho yanayofungwa kwa msimu) | Ardhi bado ina visiki na nyasi | Mbuzi, na majirani wasioelewana |

Pakiti

Pakiti nyingi hubeba spishi iitwayo Rhizophagus irregularis, peke yake au na wenzake wachache. Imechaguliwa kwa sababu huzalishika kirahisi maabara na haichagui sana mti. Ubaya ni kwamba kiumbe hai kinauzwa kama chumvi. Hukaa miezi kwenye duka la bati, joto la mchana likipanda, na mnunuzi hana namna ya kujua kama anabeba wazima au maiti. Bidhaa hizi zimepimwa nchi nyingi, Kenya ikiwemo, na nyingi hazikuleta tofauti iliyoahidiwa. Uchambuzi wa majaribio ya kurejesha uoto uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kuvu waliochukuliwa kwenye uoto wa asili wa aina ile ile wanaishika mizizi vizuri kuliko wa kununua.

Pakiti yangu ya kwanza niliipima hivi. Safu mbili za viriba vya mkunazi, udongo mmoja, maji sawa, safu moja ina unga na nyingine haina. Baada ya wiki kumi mke wangu aliulizwa zipi zimetiwa dawa, akaelekeza kidole kwenye safu isiyo na kitu. Nilichukua mizizi ya safu zote mbili nikampelekea mwalimu wa baiolojia. Aliiosha, akaichemsha kwenye maji ya potasi kali (kazi ya mtu mwenye glavu na miwani, usiifanye jikoni), akaisuuza, kisha akaichemsha dakika tatu kwenye siki nyeupe iliyotiwa wino mweusi wa kalamu. Mzizi huwa mweupe kama tambi na kuvu hubaki na rangi ya wino. Chini ya hadubini tukaona nyuzi zikipita kati ya chembe, na hapa na pale vifuko vya mviringo kama mbaazi. Safu zote mbili zilikuwa navyo. Udongo wangu ulikuwa na kuvu wake tangu mwanzo, na mimi nilikuwa nimewanunulia wenyeji wageni.

Ukilazimika kununua, soma lebo: jina la spishi, idadi ya viini hai kwa gramu, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na joto la kuhifadhi. Kimojawapo kikikosekana, rudisha. Angalia pia kama wamechanganya na mbolea au asidi ya humiki. Miche ikikolea kijani hutajua umshukuru nani.

Pakiti huwa na maana pale ambapo hakuna kitu kabisa: kitalu cha kisasa kinachotumia nyuzi za nazi au udongo uliopikwa kwa mvuke, shimo la machimbo, kingo za barabara zilizokwanguliwa hadi udongo mwekundu wa chini.

Udongo wa chini ya mti wa asili

Hii ndiyo wazee wa vitalu wamekuwa wakiifanya siku zote bila kuipa jina kubwa: debe la "udongo wa msitu" kwenye mchanganyiko wa viriba. Nyikani msitu hakuna, lakini kila mgunga mkubwa ni kisiwa. Majani huanguka pale, mifugo hupumzika kivulini na kuacha samadi, ndege huacha mbegu. Kati ya mti na mti ardhi ni ngumu na tupu.

Namna ya kuchota: sogea nusu ya kivuli, si kwenye shina. Ondoa takataka za juu. Chimba kati ya sentimita 5 na 20, humo ndimo wamejaa. Unachokitafuta si udongo pekee bali vimizizi vyembamba kama uzi wa kushonea, maana ndani yake kuvu wako hai. Vikatekate kwa panga uvichanganye. Chota chepe moja kwa kila mti, kwenye miti kadhaa, usiukwangue mmoja hadi mizizi ibaki uchi. Fukia. Weka kivulini na utumie ndani ya siku chache. Kwenye kiriba sehemu moja kwa kumi inatosha. Walio na udongo mbovu wanaweza kufika mbili kwa kumi.

Hispania kuna jaribio lililonivutia kwa sababu vichaka vyake vikavu vinafanana na vyetu kwa taabu. Kwenye ardhi iliyogeuka jangwa, watafiti walipanda kichaka cha jamii ya kunde kiitwacho Anthyllis cytisoides, baadhi wakiwapa kuvu wa pale pale na wengine kuvu wa kuletwa. Matokeo yalichapishwa 2001, baada ya miaka kadhaa shambani. Wa pale pale ndio waliodumu kuufaidisha mmea, na udongo ukawa na naitrojeni na mboji zaidi na kushikamana vizuri.

Hatari zipo, na moja niliichimba kwa mikono yangu. Msimu mmoja nilichota chini ya mgunga uliopakana na shamba la nyanya. Baada ya miezi miwili miche ilidumaa. Nilipong'oa mmoja, mizizi ilikuwa na vifundo kama shanga. Minyoo fundo. Nikachoma moto karibu kitalu chote. Siku hizi sichoti karibu na bustani yoyote, na sichoti palipo na mathenge, ule mti mgeni wa miiba unaovamia malisho, mbegu zake ni za kuogopa kuliko minyoo. Usichote pia ndani ya hifadhi, hata kama Mkomazi iko kule ng'ambo ya barabara na inakuita. Kuvusha udongo mpaka wa nchi bila kibali ni kosa: waulize wasimamizi wa afya ya mimea, kwa Tanzania TPHPA, kwa Kenya KEPHIS.

Kuzalisha mwenyewe

Hii ni njia ya pili ikiwa na subira. Badala ya kuchota debe kumi nyikani, unachota moja na kulifanya kumi.

Tafuta mchanga wa mto uchanganye na udongo kidogo, uue vilivyomo kwa kuuchemsha kwenye pipa, au uufunike kwa nailoni angavu kwenye jua kali kwa wiki nne hadi sita ukiwa na unyevu. Changanya sehemu tisa za huo na moja ya udongo wa mgunga. Jaza ndoo mbovu au viroba, panda mtama au mahindi, ukipenda na kunde pembeni. Mtama hauli kuvu, unawalisha tu. Mwagilia, palilia, na hapa ndipo mkono hukosea: usitie DAP, ile mbolea ya dukani yenye fosforasi nyingi, usitie samadi ya kushiba. Mimea ionekane na njaa kidogo. Majani yakigeuka zambarau kidogo pembeni, vumilia, ni njaa ya fosforasi, nayo ndiyo inayoulazimisha mmea kuwakaribisha kuvu.

Baada ya miezi mitatu au minne acha kumwagilia kwa wiki mbili. Mmea unapokauka kuvu hujihami kwa kutengeneza spora nyingi. Kata mashina, toa mizizi, itwange na udongo wake. Hiyo ndiyo dawa yako. Ikikauka vizuri na kukaa mahali pa baridi itavuka kiangazi. Kabla ya kuitumia kagua mizizi ya mtama. Ukiona vifundo mwaga yote.

Ukilinganisha na kuchota moja kwa moja, faida ni mbili: nyika haikwanguliwi, na magonjwa ya mti mama hupungua kwa sababu umepitia mwenyeji mwingine. Hasara ni muda. Anayetaka miche wiki ijayo haimsaidii.

Kisiki hai na ngitili

Kuvu wa kundi la migunga hawawezi kujilisha. Bila mzizi hai huishi kwa akiba tu, na akiba huisha. Kwa hiyo palipo na kisiki kinachochipua, chini yake kuna kuvu waliokwisha kuzoea chumvi, joto na ukame wa pale, bure.

Ndiyo maana mimi huhesabu visiki kabla ya kuhesabu viriba. Niger, tangu miaka ya 1980, wakulima walichagua machipukizi ya visiki, wakayapogolea na kuyalinda, na eneo lililorudi kijani hukadiriwa kufika hekta milioni 5. Dodoma kazi hiyo hiyo inaitwa Kisiki Hai. Wasukuma walikuwa na ngitili zamani sana, malisho yanayofungwa masika na kufunguliwa kiangazi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 ulizifufua, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilihesabiwa hekta zaidi ya 300,000. Hakuna aliyenunua pakiti.

Gharama yake haimo kwenye pembejeo. Imo kwenye vikao. Mbuzi wa jirani mmoja asiyekubali hula machipukizi ya kijiji kizima kwa alasiri mbili.

Usiowaua huna haja ya kuwanunua

DAP kwenye kiriba ndiyo kosa la kwanza. Ukihitaji fosforasi kwa miti, unga wa mawe wa Minjingu hutoka polepole na kuvu husaidia kuutumia, hasa penye udongo wenye tindikali. Plau hukata nyuzi kila msimu. Kuacha ardhi uchi muda mrefu nako hugharimu: wakulima wa nafaka wa Queensland, Australia, waliona mazao yakidumaa kwa njaa ya fosforasi na zinki baada ya ardhi kupumzishwa bila mmea wowote, na mwaka 1987 ilielezwa kwamba kuvu walikuwa wamepungua. Na ukichimba msingi au bwawa, usilundike udongo wa juu kwa mwaka mzima ukidhani unauhifadhi.

Ningechagua hivi

Shamba la mkonge lililotelekezwa: usiingize kuvu wowote. Mkonge wenyewe huwalisha, panda miche ya kawaida katikati ya mistari. Malisho yaliyochoka yenye visiki: funga, pogolea, subiri masika mbili. Kitalu cha nyumbani cha miche mia: chepe la udongo wa mgunga. Kikundi chenye oda ya maelfu: zalisheni, na mtenge ndoo chache zisizo na kuvu mpate kulinganisha. Shimo la kifusi cha barabara: hapo nunua pakiti kama huna mti wa asili wa kuchotea karibu, uiweke kwenye kiriba kugusana na mzizi, usiinyunyize shambani.

Mimi mwenyewe napanda mtama wa ndoo mwanzoni mwa Juni, masika ikishamalizika, ili Oktoba vuli inapopiga hodi niwe na kitu cha kutia kwenye viriba. Mwaka huu nimeongeza ndoo tatu za udongo wa chini ya mbambara, kuona kama mche wa mkunazi utajua tofauti.